Gesi Haiishi, Gesi Huvuja

Foleni ya feri ya Likoni, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Nyuma nilikuwa nimebeba mama mmoja na mtoto mchanga, wametoka kliniki wanaelekea Mtongwe. Vioo vimefungwa, feni ya AC iko namba nne, na kinachotoka kwenye matundu ya dashibodi ni kama pumzi ya mtu mwenye homa.

"Kijana, hii AC yako ni ya kupoza ama ya kupika?" mama akauliza.

Nikafungua vioo. Likaingia joto jingine, hili lina moshi wa lori ndani yake. Mtoto akalia mpaka tukavuka. Jioni nilipofungua programu ya teksi nikakuta nyota moja na maneno matatu: gari ni tanuri.

Naendesha gari la mtu. Kila Jumatatu nampelekea mwenyewe hesabu, na kinachobaki ndicho kodi, ndicho unga, ndicho bando la kuandikia makala kama hii. Nyota zikishuka, wateja nao hupungua. Mwenye gari alikuwa ameshanionya, tena kwa ule upole wa mtu anayemaanisha: "Likikaa bila kazi, nitampa mwingine."

Usidhani nilikuwa nimezembea. Ndani ya miezi saba nilikuwa nimetengeneza hiyo AC mara tatu. Mara zote ni fundi wa kando ya barabara, anachomeka mpira, anasikiliza sssss, anasema "gesi ilikuwa imeisha", anachukua elfu tatu. AC inapuliza baridi wiki tano hivi, inaanza vuguvugu, mwishowe moto kabisa. Elfu tisa zilikwenda hivyo.

Mara ya nne dereva mwenzangu akanielekeza kwa mzee mmoja Changamwe, ana banda la mabati na mwavuli wa kampuni ya simu uliopasuka. Nikamwamkia, nikamwambia gesi imeisha.

"Imeisha ikaenda wapi?"

Nikanyamaza.

"Petroli huisha, maana inachomwa. Gesi ya AC inachomwa wapi? Inazunguka humo humo ndani ya mabomba, siku zote. Gesi haiishi, mwanangu. Gesi huvuja. Wewe umenunua gesi mara tatu, tundu hujalitafuta hata mara moja."

Nilikaa kwenye kigoda chake karibu siku nzima. Na kwa kuwa kazi yangu nyingine ni kusoma vitu ambavyo hakuna aliyeniomba nisome, nilipofika nyumbani nikaanza kuchimba: hii gesi ilitoka wapi? Nani aliiweka kwenye gari? Sikutarajia kwamba hadithi ingenipitisha Chicago na Antaktika, halafu inirudishe hapa hapa Kenya.

*

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tunalielewa kinyume. AC haitengenezi baridi. AC inabeba joto.

Bibi zetu walilijua hili bila umeme. Mtungi wa udongo hutoa jasho. Maji yale ya nje yakikauka yanaondoka na joto, na ya ndani yanabaki baridi. Kitu chochote cha majimaji kikigeuka mvuke lazima kibebe joto kutoka mahali fulani. AC ni mtungi ambao jasho lake halipotei hewani. Linakusanywa, linabanwa, linageuzwa majimaji tena, linarudishwa kazini.

Kompresa inaibana gesi mpaka inakuwa moto sana. Gesi hiyo inapita kwenye kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta, na upepo wa nje unaichukulia joto lake hadi inakuwa majimaji. Majimaji yanasukumwa kupitia tundu dogo, presha inashuka ghafla, na yanaingia kwenye evapareta nyuma ya dashibodi. Huko yanachemka na kuwa gesi tena, kwa joto la chini sana, na yanapochemka yanalinyonya joto la ndani ya gari. Kisha yanarudi kwa kompresa. Gesi ni hamali wa bandarini: inajitwika gunia la joto ndani, inakwenda kulitua nje, inarudi mikono mitupu kuchukua jingine. Hamali wakipungua, magunia yanabaki ndani.

Watu wa pwani hawakuungoja mtambo huu ndipo wajue kukwepa joto. Ukitembea Mji wa Kale, Mombasa au Lamu, utaona kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba ambavyo jua halifiki chini, na baraza za kukaa wakati upepo wa kaskazi au kusi unapopita. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Ni teknolojia, sema haina plagi. Shida ni kwamba huwezi kuiendesha hadi uwanja wa ndege.

*

Mzee hakugusa geji kwanza. Aliniambia niwashe gari, nibonyeze AC, kisha akainama kwenye boneti na kusikiliza.

"Umesikia tak?"

"Nimesikia."

"Hiyo ni klachi ya kompresa imeshika. Isingeshika ningeangalia fyuzi, ningeangalia rilei, halafu ningeshuku gesi iko chini kabisa, maana kuna swichi inayoizuia kompresa kufanya kazi kukiwa hakuna presha. Sasa niambie. Ukienda mbio, inapoa?"

"Hapana. Ni moto ukienda, ni moto ukisimama."

"Basi si feni. Feni ya kondensa ikifa, AC inapoa ukienda, inachemka ukikwama kwenye foleni. Hayo ni maradhi mengine."

Akashika mabomba mawili, moja nene, moja jembamba. Moja linapaswa kuwa baridi mpaka litoe jasho, jingine liwe moto. Yote mawili yalikuwa vuguvugu. Ndipo akachomeka geji, buluu upande wa presha ya chini na nyekundu upande wa juu. Sindano zote mbili zikalala chini. Akaniambia kwamba kama kompresa ingekuwa imechoka, upande wa chini ungekuwa juu na wa juu ungekuwa chini, kama watu wawili wanaokaribia kulingana kimo. Zikilala zote, hamali ni wachache.

Sasa atafute tundu. Hakuwa na mashine ya bei. Alichukua tochi akafuata mabomba kidole kwa kidole, akitafuta mafuta. Gesi ya AC husafiri na mafuta yanayolainisha kompresa, kwa hiyo inapotokea na mafuta hutokea, halafu vumbi la Changamwe linakuja kunata hapo. Kwenye kiungo cha bomba na kondensa palikuwa na doa jeusi lenye mng'ao, kama sarafu ya shilingi kumi. Akapaka povu la sabuni. Tukangoja. Povu likaota kiputo kimoja, kikakua polepole, kikapasuka. Kikaota kingine.

"Huyo hapo mwizi wako," akasema.

Elfu tisa zangu zilikuwa zimepitia kwenye kiputo kile.

*

Mashine za kupoza kwa kubana mvuke si za jana. Jacob Perkins, Mmarekani aliyeishi London, alipewa hataza ya mtambo wa aina hiyo mwaka 1834. Mwaka 1902 mhandisi kijana, Willis Carrier, alichora mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York. Hakuwa akiwafikiria watu. Karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea kwa unyevu wa hewa, rangi za picha zikawa hazikai mahali pake. Yaani AC ya kisasa ilianza kwa kuihurumia karatasi.

Shida ilikuwa gesi yenyewe. Mitambo ya mwanzo ilitumia amonia, dioksidi ya salfa na methili kloridi. Zote zinabeba joto vizuri, na zote zinaua. Mwaka 1929 kule Chicago watu kadhaa walikufa majumbani mwao kwa methili kloridi iliyovuja kutoka kwenye mitambo ya friji. Haina harufu kali ya kukuamsha usiku. Ajali za namna hiyo ziliogofya kiasi kwamba hata Albert Einstein na mwenzake Leo Szilard walikaa miaka kadhaa wakibuni friji isiyo na sehemu zinazozunguka, ili pasiwe na mahali pa kuvuja. Walipata hataza yake Marekani mwaka 1930, lakini dunia ilikuwa imeshachukua njia nyingine.

Njia hiyo ilifunguliwa na mtu anayeitwa Thomas Midgley. Jina hili nililisikia kwanza kwenye ukumbi wa mihadhara, mwaka wangu wa pili, nikisomea kemia. Mhadhiri aliliandika ubaoni, akachora mishale miwili chini yake: mmoja wa petroli, mmoja wa friji.

Mshale wa kwanza: mwaka 1921, akiwa mtafiti wa General Motors, Midgley aligundua kwamba ukitia kiwanja cha risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Risasi ni sumu, na hilo lilijulikana tangu zamani. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa mtambo wa kutengeneza dawa hiyo huko New Jersey walikufa wakiwa wamechanganyikiwa akili. Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa ile, akavuta mvuke wake mbele yao kuonyesha ni salama. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuugua kwa risasi.

Mshale wa pili: mwaka 1928 aliombwa atafute gesi ya friji isiyoua wala kuwaka. Yeye na wenzake wakapata familia ya kemikali zenye klorini, florini na kaboni, zilizokuja kuuzwa kwa jina la Freon. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, alivuta pumzi ya gesi hiyo, kisha akaipuliza taratibu juu ya mshumaa ukazimika. Tendo moja, ujumbe mara mbili: haina sumu, haiwaki.

Safari hii hakudanganya. Gesi ile, ambayo mafundi wanaiita R-12, kweli haikumdhuru aliyeivuta pale. Ndiyo iliyofanya friji iingie jikoni bila mtu kuogopa kulala. Na ndiyo iliyofanya AC iingie kwenye gari.

Packard walitangulia, wakaonyesha gari lenye AC ya kiwandani huko Chicago mwaka 1939. Iliongeza dola 274 kwenye bei, pesa nyingi sana wakati ule. Mtambo ulimeza sehemu kubwa ya buti, na kompresa haikuwa na klachi. Ukitaka kuzima AC kabisa unasimamisha gari, unazima injini, unafungua boneti, unavua mkanda kwa mikono. Haikununuliwa sana, wakaacha. Mwaka 1954 Nash wakatoa mfumo mdogo uliokaa wote mbele, na kuanzia hapo mambo yakabadilika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya magari mapya Marekani yalikuwa na AC.

Midgley hakuyaona hayo. Alipooza kwa polio mwaka 1940, akajibunia mtambo wa kamba na kapi za kumwinua kitandani, na mwaka 1944 alikutwa amenyongwa na kamba zile zile.

*

Nilipomsimulia Mzee haya alikuwa akisugua kiungo kwa kitambaa. Akacheka kidogo.

"R-12 naijua. Miaka ya themanini nilikuwa kijana wa kubeba spana kwenye gereji moja Shimanzi. AC ilikuwa ya magari ya ubalozi, ya makampuni, ya wakubwa. Sisi wengine tulikuwa na Peugeot, unateremsha kioo. Gesi ile tulikuwa tunaoshea spea. Ukitaka kupuliza vumbi kwenye bomba, unafungua mtungi, fuuu. Ukimaliza kazi na mtungi una kidogo, unaumwaga, uende na mtungi mwepesi. Nani angekwambia kitu? Haina harufu, haiwaki."

Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro ya R-12, kwamba haikuwa na kasoro hapa chini. Haioshwi na mvua, haivunjwi na jua la huku. Mwaka 1974 wanasayansi wawili wa California, Mario Molina kutoka Mexico na F. Sherwood Rowland, waliuliza swali la Mzee kwa namna yao: imekwenda wapi? Jibu lao: inapanda taratibu hadi tabaka la juu la anga, huko miale mikali inaivunja, na klorini inayotoka inalila tabaka la ozoni linalotukinga na miale ya kuunguza ngozi na macho. Atomu moja ya klorini inaweza kuvunja makumi ya maelfu ya molekuli za ozoni kabla haijatulizwa. Wenye viwanda waliwapinga kwa miaka. Kisha mwaka 1985 Waingereza watatu waliokuwa wakipima anga huko Antaktika, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakachapisha takwimu zao: kila msimu wa kuchipua, ozoni juu ya bara lile ilikuwa ikipungua vibaya. Dunia nzima ilikuwa ikiongeza gesi bila kutafuta tundu, na tundu lilikuwa angani.

Hapa ndipo nilipoketi wima. Mkataba uliofuata, Itifaki ya Montreal, uliotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, una jina la mji wa Kanada, lakini ulisukumwa kutoka Nairobi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilianzishwa mwaka 1972 na makao yake yakapelekwa Kenya, ya kwanza ya aina yake katika nchi za kusini mwa dunia. Aliyeliongoza wakati wa mazungumzo hayo alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mwanasayansi mwenye sifa ya kuwafungia wajumbe chumbani hadi wakubaliane. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini siku ile ya kwanza. Hadi leo sekretarieti ya ozoni iko Gigiri. Nimepita kwenye lango lile nikiwa ndani ya matatu, mara nyingi, wakati nasoma Nairobi, na sikujua kwamba mle ndani ndimo yanamohifadhiwa mahesabu ya gesi ya friji ya dunia nzima.

Mkataba ule ulifanya kazi. Nchi tajiri zilianza, nchi kama yetu zikapewa muda zaidi na mfuko wa kuzisaidia. Leo kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa imeuridhia. Makadirio ya wanasayansi ni kwamba sehemu kubwa ya dunia itarudi kwenye ozoni ya mwaka 1980 ifikapo mwaka 2040 hivi, na Antaktika kama mwaka 2066. Watoto wangu, nikijaliwa, watakuwa wazee.

Mshale mwingine wa Midgley nao ulifungiwa huku huku. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, na mwaka 2021, kituo cha mwisho duniani kilipoacha kuiuza kule Algeria, tangazo lilitolewa na shirika lile lile la Gigiri. Uvumbuzi miwili wa mtu mmoja, usafi umefanywa karne nzima.

*

Sasa turudi Changamwe, maana hapa ndipo nilipojiaibisha.

Magari mengi ya mtumba tunayoletewa kutoka Japani hutumia gesi iliyochukua nafasi ya R-12, yaani R-134a. Haina klorini, ozoni haiigusi. Lakini ina tabia nyingine: ikifika hewani inazuia joto la dunia kutoka, kilo moja ikifanya kazi ya takriban kilo 1,400 za kabonidioksidi kwa muda wa miaka 100. Ndiyo sababu Oktoba 2016 nchi zilikutana tena, safari hii kwa majirani zetu Kigali, zikakubaliana kupunguza gesi za ukoo huu kwa zaidi ya asilimia 80 katika miongo ijayo.

Haya yote sikuyajua siku ile. Nilichojua ni kwamba ili abadilishe oringi iliyokauka ilibidi mfumo ufunguliwe, na gesi kidogo iliyobaki ilikuwa bado humo. Mzee akasema ngoja, kuna kijana gereji ya pili ana mashine ya kuivuta na kuihifadhi kwenye mtungi, atakuja baada ya saa moja, ni mia tano zaidi.

Mimi nilikuwa na elfu nne na mia mbili, mafuta yakiwemo. Nikamwambia, "Mzee, si tuimwage tu? Ni kidogo. Nani ataona?"

Hakunifokea. Alinyanyua mkono wake wa kushoto. Ncha za vidole viwili zilikuwa laini na nyeupe, kama nta.

"Hii ni R-12, mwaka themanini na tisa. Nilikuwa naimwaga haraka haraka ili niende nyumbani. Ikanigandisha. Mimi nimemwaga mitungi mingapi, sijui. Nilikuja kufundishwa baadaye, kwenye semina ya siku tatu, kwamba ile ilikuwa inapanda juu. Nikarudi nyumbani sikulala. Tungoje huyo kijana. Mia tano utanipa wiki ijayo."

Tukangoja. Sitajifanya mtu mwema: kama ningekuwa peke yangu na spana, ningeimwaga, na ningeondoka nikipiga mluzi. Usiku ule nikafanya hesabu. Kama wale mafundi watatu waliniwekea gramu 300 tu kila mmoja, na yote ikatoka kwenye kile kiputo, basi kwa joto la dunia ni kama niliteketeza zaidi ya lita 500 za petroli bila kusogea hata hatua moja. Na hapo sijahesabu teksi nyingine zilizokuwa kwenye foleni ile ya feri.

Wakati tunangoja, dereva wa tuktuk aliyekuwa anachomelea bodi akachangia wazo. Ati kuna jamaa anajaza AC kwa gesi ya kupikia, inapoa vizuri, bei nusu. Mzee akamtazama kama mtu aliyetukana msikitini. Gesi ya kupikia inapoza kweli, lakini sasa umeifikisha nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria, ikingoja uvujo na cheche moja. Akaongeza kuhusu mitungi bandia: rangi sawa, maandishi sawa, ndani ni kitu kingine. Hilo nalo nilikwenda kulithibitisha. Mwaka 2011 kontena za baridi zilizokuwa zimetiwa gesi iliyochakachuliwa zililipuka huko Vietnam na Brazil, watu watatu wakafa. Gesi yenyewe? Methili kloridi, ile ile ya Chicago ya 1929, imerudi kwa mlango wa nyuma kwa sababu ni rahisi.

*

Kijana wa mashine alifika, akavuta gesi iliyobaki. Kiungo kikafunguliwa. Oringi ya zamani ilikuwa nyeusi, ngumu, imepasuka upande mmoja. Mpya ilikuwa ya kijani. Mzee aliipaka mafuta ya kompresa kabla ya kuivisha, isije ikajikunja. Bei yake shilingi hamsini.

Shilingi hamsini! Nilitamani kukaa chini.

Kisha akafunga pampu ya kuvuta hewa, ikanguruma nusu saa. Kazi yake ni kutoa hewa na unyevu, kwa sababu maji yakibaki ndani yanaganda kwenye lile tundu dogo, tena yanaungana na mafuta kula chuma. Wale watatu wa mwanzo hakuna aliyefanya hivi. Akazima pampu, akafunga koki, akaniambia nitazame sindano ya geji dakika ishirini. Ikipanda, bado kuna tundu. Haikupanda.

Mwisho akaweka mtungi juu ya mizani ya jikoni na kujaza gramu 450, kama kibandiko chini ya boneti kilivyosema. Hakujaza kwa kubahatisha. Gesi ikizidi pia AC haipoi, na kompresa inaumia. Nikaketi ndani, nikafunga vioo. Baada ya dakika chache mkono wangu ulikuwa na vipele vya baridi. Kipimajoto kwenye tundu la dashibodi kikasoma nyuzi 7.

"Umeuliza maswali mengi kuliko mteja," Mzee akasema akinawa mikono. "Ulisomea wapi haya mambo ya kemia?"

Nikamwambia chuo, nikaacha mwaka wa tatu. Akauliza kwa nini, nikasema karo. Ndilo jibu ninalompa kila mtu, na ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilianguka masomo mawili mwaka wa pili, sikumwambia mtu, nikawa nakopa karo muhula kwa muhula, mama anauza mbuzi, mjomba anatuma kidogo, natulia wiki tano, sita. Kisha vuguvugu. Hakuna hata mmoja wao niliyewahi kumwambia shida iko wapi hasa. Walikuwa wakijaza tu, na mimi niliwaacha wajaze.

Mzee alifuta mikono, hakuuliza zaidi. Nilimpa elfu tatu na mia tano, nikabaki na deni la mia tano.

Jumatatu iliyofuata nilipeleka hesabu kamili kwa mwenye gari, nikapita Changamwe kulipa deni. Mzee alikuwa na gari jingine, la mtu mwenye suti, limefika nchini juzi juzi. Alikuwa akitazama kibandiko chini ya boneti akikunja uso. Gesi ya humo si R-134a, ni ile mpya, R-1234yf, ambayo Ulaya imeenea kwa kuwa R-134a hairuhusiwi tena kwenye gari jipya tangu 2017. Haipashi dunia joto kwa kiasi hicho, lakini inawaka kidogo, ni ghali, na vichwa vya mipira yake haviingii hapo. Mwenye suti alikuwa akisema, "Si uniwekee tu hiyo ya kawaida, nani atajua?"

"Nitajua mimi," Mzee akasema. Kisha akaniona. "Mwanangu, wewe unasoma kwa simu. Hebu njoo unisomee hiki kibandiko kinasema nini."

Nikasogea, nikamsomea.